Kabla ya Kuwaonyesha Watoto wa Kihnu

Rasmus ameileta saa tisa, theluji bado mabegani,
anatabasamu kama aliyepata mtoto usiku:
"Helve, tazama. Nimewapitisha mlango kwa mlango,
watatembea maabara nzima bila kuvua viatu."
Video ya dakika kumi na mbili. Kamera ya pande zote,
hata kisogoni inaona.

Shule yao iko kisiwani, wanafunzi kumi na mmoja,
na bahari ikiganda nusunusu hakuna meli, hakuna njia ya barafu.
Walituandikia: tunataka kuona mnakowaweka vijidudu
wanaoua ng'ombe.
Nani angewanyima?
Mgeni njoo, mwenyeji apone, hata mgeni wa kioo.

Nikaketi. Nikavaa miwani. Nikabonyeza.

Korido. Sakafu inang'aa, Ludmilla kaipiga deki.
Simamisha.
Rudisha kidogo.
Vitufe vya mlangoni, Rasmus. Cha mbili, cha tano, cha tisa
vimefifia kwa kuguswa, vingine vingali vipya.
Mwizi hahitaji zaidi; vidole vyetu vimekwisha kumwandikia.

Songa. Ubao mweupe:
zamu za Urmas mlinzi, na kwamba Alhamisi
anaondoka mapema kumpeleka mkewe kusafishwa damu.
Hilo nalo tuwaanikie watu?
Friza ya tatu, jina la tulichokilaza humo,
herufi kubwa, kalamu nyekundu.
Ramani ya kukimbilia moto ukizuka,
mshale kwa mshale
kutoka moyoni mwa nyumba mpaka barabarani.
Aijuaye njia ya kutoka kaijua ya kuingilia.

Rasmus anakunja uso. "Tutabaki na nini? Ukungu mtupu?
Watoto watadhani tunaficha uovu."
Ana haki. Mficha uchi hazai,
na maabara isiyoonekana huzaa uvumi, tena pacha.
Mwaka ule wa homa ya nguruwe walisema tunaifuga sisi;
yai lililorushwa langoni lilimpata Urmas.
Naujua uzito wa pazia.

Lakini wageni wa skrini hawasaini kitabu.
Huja saa nane za usiku, husimamisha, hukuza,
hukaa mbele ya kufuli yako mwezi mzima
wakinywa chai.

Tukafika kwenye kabati la mlango wa kioo. Nikakuza,
kwa kiburi kidogo, nikitafuta kosa lake la nane.
Humo kiooni, kinyumenyume, meza yangu.
Taa yangu. Kikombe changu.
Na ukutani karatasi ya njano, mwandiko wangu
unaolalia kushoto, sasa ukilalia kulia:
neno la siri, lote, na tarehe niliyolibadilisha.
Nikanyamaza. Rasmus naye alikwisha kuiona.
Akakuna sikio. "Hata mimi ningesahau," akasema.
Uungwana wake uliniuma kuliko kama angecheka.

Tulirekodi upya vyumba vinne, ubao umefutwa.
Kilichobaki: mikono ya Ludmilla ikivaa glavu mbilimbili;
hewa ikivutwa ndani mlango unapofunguka
(tulining'iniza utepe mwekundu waione ikienda);
darubini; na tone la damu ya ng'ombe mmoja, jina lake Maasik,
ambaye alipona.

Ijumaa likaja swali, kwa penseli:
"Nyuma ya mlango wenye ukungu kuna nini?"
Niliandika majibu matatu, nikayafuta. Nikabakiza hili:
Kuna kazi kama hiyo uliyoiona.
Ila ufunguo wa kwenu, ukiuweka chini ya zulia,
humwonyesha kila apitaye?

Asubuhi hii mlangoni kuna namba mpya.
Vidole vyangu vinakwenda mbili, tano, tisa
kama ng'ombe aliyehamishwa zizi.
King'ora kinalia. Urmas anatoa kichwa.
Kumbe ni mimi.